Mchoro wa Jahazi Letu Uko Wapi?

Hotuba kwa vijana wa useremala, wachonga vinyago na mafundi wa vyombo, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazee wangu mafundi wa vyombo mliokuja kutoka Mikindani, ndugu zetu wachonga vinyago, wanafunzi wa useremala: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Vijana, naona shingo zimerefuka kuelekea mezani. Merikebu nimeziweka mbele makusudi, ili hata atakayechoka kunisikiliza awe na cha kutazama. Ila tazameni kwa macho tu. Kamba za ile ya katikati zikikatika, kuzifunga upya ni kazi ya wiki nyingi, na macho ya aliyezifunga si yale ya zamani.

Nimeombwa nizungumzie kazi ninayoifanya jioni tangu nilipostaafu ualimu wa useremala: kuunda modeli za merikebu za matanga, zile zinazouzwa zikiwa vipande vipande ndani ya sanduku. Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu ana swali lilelile. "Mwalimu, hii inavua?" Haivui hata dagaa. Wala haiuziki kwa bei inayolipa muda wake. Merikebu kubwa ya milingoti mitatu hula mamia ya saa, na wapo wanaopita saa elfu moja. Kwa hiyo aliyekuja hapa akitafuta mradi wa kutajirika namwambia mapema asipoteze asubuhi yake, arudi kwenye mikorosho. Burudani ni burudani. Watu hucheza bao chini ya mwembe mpaka magharibi na hakuna anayewauliza wanavua nini.

Hata hivyo, ndani ya sanduku hizi kuna kitu kimoja ambacho sisi watu wa pwani ya kusini tunakihitaji, tena kwa haraka. Si mbao, na si gundi. Nitakifikia, kwanza tufungue sanduku.

Ukinunua la Billing Boats kutoka Denmark, la Artesanía Latina kutoka Hispania au la Amati kutoka Italia, vya ndani havitofautiani sana. Kuna vibao vya plaiwudi vilivyokatwa kwa leza, kila kipande kimeshikiliwa na vijino vidogo ambavyo wewe unavimalizia kwa kisu. Kipande kirefu ni mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na juu yake hupachikwa vipande vipana vinavyosimama mahali pa mataruma, yaani mbavu za chombo. Kuna vifungu vya mbao nyembamba, upana milimita tano, unene milimita moja na nusu, za mti laini wa Ulaya. Na vifungu vingine vyembamba zaidi vya mti wa jozi, rangi ya kahawia iliyokolea. Kuna fito za milingoti na za foromali, ile miti ya kulala inayoshika matanga, nanga, mizinga midogo ya shaba, makapi, yaani roda za kamba, yenye upana wa milimita tatu ambayo kweli yana tundu la kupitisha uzi. Kuna vibiringo vya uzi wa unene mbalimbali. Na chini kabisa, yamekunjwa mara nne, kuna makaratasi makubwa ambayo wanunuzi wengi huyaweka pembeni ili wawahi kushika mbao.

Kila kitu humo kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Kikiandikwa 1:64, urefu wa mita 64 wa kweli unakuwa mita moja mezani, na unene wa ubao, urefu wa mlingoti, hata kimo cha mlango wa nahodha, vyote hufuata hesabu hiyohiyo. Hapo ndipo modeli inapoachana na jahazi la mchezo ambalo sisi sote tulilielesha pale Mikindani tukiwa watoto. Lile lilitufurahisha, lakini halikuwa chombo cha mtu yeyote.

Sasa kazi yenyewe. Linalowashinda wengi huja mwanzo kabisa, kabla ya gundi kukauka: mkuku haujanyooka. Plaiwudi ya milimita nne iliyokaa ndani ya kontena, kisha ikakutana na hewa ya chumvi ya Mtwara, hupinda, na mkuku uliopinda milimita mbili hutoa merikebu iliyopinda. Hakuna rangi ya kuificha. Ilowesheni kidogo, ibaneni kati ya mbao mbili zilizonyooka, wekeni mzigo juu, muiache mpaka ikauke yenyewe. Mataruma nayo yasimame wima, kila moja likaguliwe kwa skwea kutoka pande zote mbili.

Halafu inakuja hatua ambayo kijitabu cha maelezo huipa mistari miwili, nayo huamua kila kitu kitakachofuata: kulainisha kingo za mataruma. Mnajua kwamba chombo hujikunja kuelekea omo, yaani mbele, na kuelekea tezi, yaani nyuma. Taruma la katikati linaweza kuwa na ukingo wa mraba, lakini la karibu na hanamu, ule mti wa mbele kabisa, lazima ukingo wake ukatwe kwa mshazari ili ubao ulale juu ya upana wote wa ukingo, usikae juu ya ncha. Unachukua ubao mmoja, unaulaza kutoka hanamu mpaka fashini, ule mti wa nyuma kabisa, unatazama unagusa wapi na unaruka wapi. Panapoinuka unapiga msasa. Panapobonyea unabandika kipande chembamba, kisha unapiga msasa tena. Unahamisha ubao kidogo chini, unaanza upya. Mashine haisaidii hapa, na haraka ndiyo adui mkubwa. Nikiletewa modeli ya mwanafunzi yenye ubavu wa mawimbi, siangalii mbao zake, naenda moja kwa moja kwenye mataruma.

Kupiga mbao ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nami nitaisimulia polepole kwa sababu hapa ndipo seremala wa milango hukutana na kitu kipya. Mbao haziwekwi zikiwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho. Katikati chombo kina tumbo, omo ni finyu. Pimeni mzunguko wa taruma la kati kwa utepe wa karatasi, gawanyeni kwa upana wa ubao: mmepata idadi ya mbao za upande mmoja. Sasa pimeni mzunguko wa taruma la mwisho kule omo, gawanyeni kwa idadi hiyohiyo: mmepata upana ambao kila ubao unatakiwa uwe umepunguzwa ukifika pale. Kule tezi mara nyingi mambo hugeuka, nafasi inakuwa kubwa kuliko mbao, nanyi mnaingiza kabari. Asiyefanya hesabu hii hulazimisha ubao upande juu ya mwenziwe, kisha hulaumu sanduku. Naona wazee wa Mikindani wanatabasamu. Wao hawakugawanya kwenye karatasi, lakini mbao zao nazo hufika kwenye hanamu zimepungua.

Ubao mwembamba hulowekwa kwenye maji ya moto, kisha hukunjwa taratibu juu ya chuma chenye joto au kwenye mvuke wa birika. Vibanio vya nguo vya sokoni vinabana vizuri kuliko vifaa vingi vya bei mbaya. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao, maana inakupa dakika za kusahihisha. Supagluu ninaitumia kwa kumalizia fundo la uzi, basi. Kijana anayejenga ubavu mzima kwa supagluu anajenga kitu ambacho hawezi kukibandua wala kukitetea. Sanduku nyingi hutaka matabaka mawili ya mbao. La kwanza ni nene na laini, unalipiga msasa mpaka umbo litulie. La pili ni la jozi, unene wake pengine nusu milimita, nalo ndilo watu watakaloliona.

Kuhusu milingoti sina mengi. Mafundi hupenda kuijadili, lakini ni fito za kupunguzwa kuelekea juu, aliyeshika randa ataiweza.

Kamba ni habari nyingine. Kuna zile zinazoishikilia milingoti isianguke, ambazo kwenye merikebu za kweli zilipakwa lami na kwenye modeli huwa nyeusi. Na zile za kupandisha, kushusha na kugeuza matanga, ambazo huachwa rangi ya kamba. HMS Victory, merikebu ya vita ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765, ile yenye mizinga 104 ambayo leo imewekwa Portsmouth, inahesabiwa kuwa na zaidi ya kilomita 40 za kamba. Modeli yake kwa kipimo cha 1:72 ina urefu unaozidi mita moja na mafundo ya ngazi za kamba ambayo sitaki kuwatisha nayo. Mtu aliyekulia kwenye kushona nyavu anaanza kazi hii akiwa mbele ya seremala. Nta ya nyuki, ambayo Liwale na Tunduru hawana shida nayo, hupitishwa juu ya uzi ili manyoya yake yalale. Na msikaze sana. Uzi wa pamba hunywa unyevunyevu wa masika ukajivuta, na nimeshaona foromali zikiinama zenyewe usiku bila kuguswa na mtu.

Nikiulizwa mtu aanze na ipi, nasema kwa ukali: asianze na Victory. Wala asianze na Cutty Sark, ile iliyobeba chai kutoka China, ijapokuwa umbo lake ni zuri kuliko la merikebu yoyote ninayoijua. Aanze na mashua ndogo ya merikebu, ile ya makasia na tanga moja, yenye mataruma machache na kamba zinazohesabika. Ataunda ubavu mara mbili kwa muda ambao mwenziwe wa Victory bado anatafuta kipande namba 47. Bei pia inakubali. Sanduku za merikebu kubwa hufika mamia ya dola kabla ya ushuru na usafiri, na kwa pesa hiyo kuna watu humu ndani wangenunua mashine ya boti ya kuvulia samaki. Ndogo inavumilika.

Kazi hii si ya jana. Kwenye kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922, walikuta vyombo vidogo 35 vya kumsafirisha huko aendako. Waingereza wa karne ya 17 waliunda modeli za merikebu za serikali yao kwa kipimo cha 1:48, wakiacha sehemu ya chini bila mbao ili mataruma yaonekane. Wafaransa waliofungwa Uingereza wakati wa vita vya Napoleon waliunda merikebu kwa mifupa ya nyama waliyokula gerezani na kuziuza kwa watu wa nje; kwenye makumbusho ya Peterborough nyingi zipo mpaka leo. Nyie mnaolalamika kwamba Mtwara hakuna duka la vifaa, nawaachia hao wafungwa muwafikirie.

Sasa nifike kwenye makaratasi yaliyokunjwa chini ya sanduku.

Mwaka 1784, huko Hull, Uingereza, ilijengwa merikebu ya mizigo iliyoitwa Bethia. Haikuwa na sifa yoyote. Mwaka 1787 jeshi la majini liliinunua ikiwa imeshatumika, likaipa jina la Bounty, likaiandaa kwenda Tahiti kuchukua miche ya mishelisheli ya kupanda kwenye mashamba ya Karibi. Kwa kuwa walikuwa wamenunua chombo cha mtu mwingine, walikipandisha, wakakipima kila upande, wakachora. Yaliyofuata wengi mmeyasikia: mabaharia waliasi mwaka 1789, na Januari 1790 merikebu ikachomwa moto kwenye kisiwa cha Pitcairn. Iliishi miaka sita. Lakini ile michoro ya vipimo ilibaki Uingereza, na kwa sababu hiyo leo hii kijana wa Newala mwenye kisu na gundi anaweza kuiunda Bounty taruma kwa taruma. Sanduku za Bounty ni miongoni mwa zinazonunuliwa sana. Chombo kiliungua zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na bado kinajengwa.

Kuna atakayesema hao walizaliwa na karatasi mkononi. Si kweli. Vasa, merikebu ya vita ya mfalme wa Sweden, ilijengwa bila mchoro. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alikuwa na kanuni za vipimo kichwani, naye alifariki mwaka 1627 kabla kazi haijakwisha. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitoka bandarini Stockholm, ikapigwa na upepo mdogo, ikalala, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama kabla ya kufika kilomita moja na nusu. Chombo cha kuzama hakina usukani, wahenga wetu walisema. Ilikuwa nzito mno juu, na farumi, ule mzigo wa mawe unaowekwa chini, haikutosha kuituliza. Watafiti baadaye walikuta ndani yake rula za mafundi: nyingine zilitumia futi ya Sweden yenye inchi 12, nyingine futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Msinielewe vibaya, sisemi ilizama kwa kukosa karatasi. Nasema kwamba kila modeli ya Vasa mnayoiona imewezekana kwa sababu merikebu yenyewe iliinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1961, baada ya miaka 333, ikiwa karibu nzima, ikapimwa. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na wale wadudu watoboao mbao hawaishi humo.

Hapa kwetu wamejaa. Ndiyo maana wazee wanapaka vyombo shahamu. Jahazi likizama nje ya Msimbati, baada ya miaka michache mtakuta mawe ya farumi na nanga, basi. Sisi bahari haitutunzii.

Angalieni tumepoteza nini tayari. Kitabu cha baharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki. Wareno walioingia Kilwa mwaka 1505 waliandika habari za vyombo ambavyo mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Uhai wa mwisho wa ufundi huo ulikuwa mtepe: mbao zinashonwa kwanza, ganda linakamilika, ndipo mataruma yanafungwa ndani yake, kinyume kabisa cha sanduku hizi ambazo huanza na mataruma. Ulikuwa na tanga la mraba la mkeka wa miyaa, na kichwa cha omo ambacho watu walisema ni cha ngamia wa Mtume. Mtepe uliacha kusafiri kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 20. Miaka ya 2000 Zanzibar walipounda nakala ya ukubwa wa kweli ikawekwa kwenye jumba la Beit al Ajaib, hapakuwa na mtepe hata mmoja uliobaki wa kuupima. Kilichobaki ni picha, maandishi, na modeli ndogo zilizotunzwa kwenye makumbusho. Yaani modeli ndizo zilizobeba habari za chombo.

Kwetu kusini kuna ushahidi mwingine, nao uko kwenye chokaa. Nendeni Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, magofu ambayo UNESCO iliyaandika kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Kwenye baadhi ya kuta kuna vyombo vilivyokwaruzwa kwa ncha na watu wa kale: mlingoti, tanga, kamba. Nani aliyechora, hakuandika jina. Huenda alikuwa amekaa tu akisubiri upepo ugeuke. Lakini huwezi kuunda modeli kutoka kwenye ukuta ule, kwa sababu haukwambii upana, wala unene wa ubao, wala taruma la tatu limejikunja kiasi gani. Ni picha. Mchoro ninaouzungumzia ni ule ambao fundi asiyewahi kukiona chombo anaweza kukijenga.

Basi nauliza mbele ya wazee: mchoro wa jahazi letu uko wapi? Wa mashua ya Mikindani uko wapi? Nimetafuta sanduku la mashua yetu kwenye orodha za watengenezaji, nikakuta za Waholanzi, za Wahispania, hata za maharamia ambao hatuna uhakika waliishi. Na kila mwaka boti za faiba na mashine zinaongezeka pwani. Siwalaumu wavuvi, mtu hununua kinachomrudisha nyumbani kabla samaki hawajaoza. Ila fundi wa vyombo asiye na wateja hana wanafunzi, na asiye na wanafunzi, vipimo vyake vinakwenda naye.

Mzee mmoja tulipokuwa tukipanga shughuli hii aliniambia: "Sisi hatuhitaji karatasi. Karatasi haijui mti." Nimelifikiria sana jibu hilo, nami nakubaliana na nusu yake. Ni kweli, fundi wetu huenda msituni akatafuta tawi lililojipinda lenyewe, na mti ndio unaomwambia taruma hili litakaa wapi. Mashua mbili za fundi mmoja hazilingani, na mchoro wa moja hautamfundisha mtu kuchagua mti wala kushika tezo. Kijana anayetaka ufundi aende akashike tezo, asije kwangu. Lakini mchoro una kazi nyingine. Unabaki mahali ambapo mzee hawezi kubaki. Na kijana aliyekwisha kuunda mashua ya Mikindani kwa kipimo cha 1:20 mezani kwake, akagombana na kila ubao, atakapokwenda pwani atajua la kumuuliza mzee. Leo hii tukimpeleka anauliza bei ya msumari.

Wachonga vinyago, nanyi nina neno lenu. Zamani, wajenzi wa merikebu wa Marekani na Uingereza walikuwa wakichonga kwanza nusu ya chombo kutoka kwenye gogo: upande mmoja tu, kutoka hanamu mpaka fashini, kwa kipimo. Wanaupapasa kwa kiganja, wanapunguza hapa, wanaongeza pale, mpaka jicho liridhike. Kisha wanachukua vipimo kutoka kwenye lile gogo na kwenda kujenga merikebu ya kweli. Modeli ilitangulia chombo. Mtu anayeliangalia gogo la mpingo akaona watu kumi wamebebana ndani yake atashindwa nini na nusu ya mashua? Sharti moja: msitumie mpingo kwa ubavu. Ni mgumu, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na haupendi kukunjwa. Tumieni mwembe, ambao ngalawa zetu zinaujua. Mpingo tuutunzie makapi, ndoano za kufungia kamba na vitu vyote vidogo ambavyo Wazungu huvitengeneza kwa miti yao migumu. Vipande vinavyobaki chini ya kiti cha mchongaji vinatosha merikebu nzima. Mianzi iliyopasuliwa na kuvutwa kwenye tundu la bati hutoa vigingi vya mbao vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Uzi mtaupata kwa fundi cherehani na kwa muuza nyavu. Tanga la mashua ni kitambaa cha pamba kilichochemshwa na majani ya chai.

Kwa hiyo mpango ni huu, na nimeshauzungumza na walimu wenu. Sanduku tatu zilizoko mezani zitabaki hapa karakana ili mjifunze kusoma mchoro kwa kuufuata. Sambamba na hilo tutachora wa kwetu. Jumamosi ya bamvua ijayo tutakwenda pwani ya Mikindani. Siku za bamvua maji hutoka mbali na hukauka kwenye saa nne hivi asubuhi, kwa hiyo tuwe pale saa mbili, wakati bado yanashuka. Kuna mashua imeegeshwa kwenye magogo, nahodha wake amekubali tuipime kwa masharti mawili: tusipande ndani na viatu, na tusimwambie tunamfundisha kazi.

Tutafanya hivi. Kamba moja itanyooshwa sawa na mkuku, kutoka hanamu mpaka fashini, na kuhakikishwa kwa pima maji. Kila nusu mita tutatia alama. Kwenye kila alama tutashusha timazi kutoka ukingo wa juu, kisha tutapima umbali kutoka uzi wa timazi mpaka kwenye ubavu, kila sentimita kumi kushuka chini. Mmoja anapima, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika, na yule anayeandika arudie namba kabla ya kuiandika. Upande mmoja unatosha kwa mchoro, lakini tutapima pande zote mbili, kwa sababu mashua hii imepigwa mawimbi miaka mingi na sina imani kwamba pande zake zinalingana. Mzee fundi atakaa kwenye kiti kivulini. Kazi yake ni kututajia kila kipande kinaitwaje na kwa nini amekiweka pale, na mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko unaosomeka hatatoka ubavuni kwake.

Leteni futi kamba za chuma, zile za kitambaa zinavutika. Leteni timazi, penseli za seremala, madaftari yenye mistari ya mraba, kofia, na maji ya kunywa. Wa Shangani watapanda daladala la saa moja. Wa mbali zaidi wajiandikishe kwa mwalimu wa zamu kabla ya Alhamisi ili tujue idadi ya chakula. Maji yakianza kujaa tunafunga daftari, hata kama tumebakiza taruma moja, tutalipima bamvua nyingine.

Asanteni. Sasa sogeeni mezani, na maswali yaanze na yule binti aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja supagluu.